Kisomaji cha vitabu hakifi kwa kusoma: ginsi ya kuchaji batri yake ili idumu

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho kinaonekana sasa kwa mikono ya wanafunzi wa chuo, walimu na wachungaji katika miji yetu ya mashariki. Si simu, wala si tableti ya kawaida. Kioo chake ni cheusi na cheupe sawa karatasi, hakipigi simu, hakionyeshi filamu. Kazi yake ni moja tu: kusoma vitabu. Kwa Kifaransa wanakiita liseuse. Katika makala hii tutakiita kisomaji.

Mara nyingi kinafika kwa zawadi ya ndugu aliye Ulaya ao Canada, ao kwa njia ya mashirika. Mwaka 2014, kwa mfano, wakimbizi Wacongomani waliokuwa katika kambi za Burundi walipokea masanduku ya maktaba yanayoitwa Ideas Box, yenye tableti na visomaji ndani pamoja na vitabu vya karatasi.

Kisomaji kimoja kinabeba vitabu elfu na zaidi. Kwa mtoto wa Fizi ao Lubero anayejiandaa EXETAT bila maktaba karibu, hiyo ni mali kubwa. Lakini iko na mlango mmoja tu, na mlango huo ni batri. Batri ya kisomaji imefungiwa ndani, mara nyingi kwa gundi. Si kama ya simu ya vitufe ambayo unaweza kufungua, kutoa na kuweka ingine ya sokoni. Ikikufa, vitabu vyote vinafungiwa ndani.

Habari njema ni hii: batri ya kisomaji inaweza kudumu miaka mingi kuliko ya simu. Inaomba mambo machache, na hayaombi makuta.

Ndani ya batri kuna nini?

Karibu visomaji vyote, tableti zote na simu zote za leo zinatumia batri ya lithiamu. Aina hii iliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni Sony ya Japani. Mwaka 2019, wanasayansi watatu waliofungua njia yake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Sisi Wacongomani tuko na sehemu yetu humo. Batri nyingi za simu na tableti zinatengenezwa na kobalti, na karibu 70% ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka inchi yetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Watu wengi huku Kivu wanasema batri inatengenezwa na koltani. Sivyo. Koltani ya Masisi inaingia kweli katika simu, lakini kwa kazi ingine: inatoa tantali, ambayo inatengeneza vipande vidogo vya kutunza umeme kwenye sahani ya ndani. Katika batri yenyewe, madini yetu ni kobalti.

Batri iko na pande mbili, na katikati kuna maji maalumu. Ukichaji, chembe za lithiamu zinasukumwa kwenda upande mmoja. Ukisoma, zinarudi upande wa pili, na katika kurudi huko zinatoa umeme. Safari hizi hazirudishi kila chembe. Kila mara kuna zinazokwama njiani. Ndiyo maana batri ya miaka mitano haiwezi kuwa sawa na mpya, hata uitunze namna gani. Kazi yetu ni kupunguza zile zinazokwama.

Hesabu moja ambayo inabadilisha kila kitu

Mafundi wanapima uzee wa batri kwa mizunguko. Mzunguko mmoja ni kutumia 100% ya moto ya batri. Si lazima iwe kwa mara moja. Ukitumia 50% leo, ukachaji, kisha ukatumia 50% kesho, ni mzunguko mmoja. Batri nyingi za lithiamu zimetengenezwa ili zipite mizunguko kati ya 300 na 500, ao zaidi kidogo, mbele ya kushuka kufikia 80% ya uwezo wake wa kwanza.

Tufanye hesabu kwa simu. Mtu anayechaji simu kila siku anamaliza mizunguko 500 kwa mwaka mmoja na miezi mine ao mitano. Ndiyo maana simu ya miaka miwili inaanza kulia moto saa sita za mchana.

Sasa kisomaji. Kioo chake hakili umeme kwa kuonyesha ukurasa. Kinakula tu wakati ukurasa unageuzwa. Maandishi yakisha kukaa, yanabaki pale bila kuomba kitu. Kwa hiyo chaji moja inaweza kumaliza wiki kadhaa. Kampuni Amazon, kwa mfano, inasema Kindle Paperwhite ya mwaka 2021 inaweza kufika wiki 10, kwa mtu anayesoma nusu saa kwa siku, akiwa amezima intaneti na kupunguza taa. Wewe unasoma zaidi ya hapo? Tuseme inamaliza wiki tatu tu. Hiyo ni mizunguko karibu 17 kwa mwaka. Ili ufike 500 utahitaji zaidi ya miaka 28!

Kumbe kusoma hakuui batri ya kisomaji. Hakuna mtu atakayeimaliza kwa kusoma. Kama ya kwako imekufa kisha miaka mitatu, imeuawa na kitu kingine. Na mara nyingi wauaji ni hawa watatu: joto, kukaa imejaa ao tupu kwa muda mrefu, na umeme mbaya.

Muuaji wa kwanza: joto

Joto linaharakisha uzee wa batri hata kama kifaa hakitumiwi. Kampuni Amazon inaomba Kindle itumiwe kati ya digrii 0 na 35. Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu ao Butembo, ambako hewa ni baridi, hilo si shida kubwa. Lakini Uvira, Kalemie na Kindu wanajua jua la saa nane za mchana. Na hata Bukavu, chini ya mabati bila plafo, ndani ya gari iliyosimama juani, ao ndani ya sanduku la pikipiki, joto linapita digrii 35 bila shida.

Angalia vipimo hivi vya batri ya lithiamu iliyowekwa mwaka mzima bila kutumiwa:

- Imejazwa 100%, kwa joto la digrii 25: inabaki na karibu 80% ya uwezo wake.
- Imewekwa 40%, kwa digrii 25: inabaki na karibu 96%.
- Imejazwa 100%, kwa digrii 40: inabaki na karibu 65%.
- Imewekwa 40%, kwa digrii 40: inabaki na karibu 85%.

Soma tena mistari hiyo. Batri ni ile ile, na hakuna aliyeigusa. Moja imepoteza 4%, ingine imepoteza 35%. Tofauti ni fasi ulipoiweka na kiasi cha moto ulichoacha ndani.

Kwa hiyo: usiache kisomaji dirishani penye jua. Usikichaji juu ya frigo, juu ya stabilizateri ao karibu na mbabula. Usikichaji chini ya mto ao ndani ya blanketi. Ukiwa umekifunika na koti la ngozi nzito na unasikia kinapata moto wakati wa kuchaji, toa koti hilo mpaka kimalize.

Muuaji wa pili: kukaa imejaa, kukaa tupu

Batri ya lithiamu inapenda katikati. Ikiwa 100% inakuwa na shinikizo kubwa ndani, sawa mpira uliopulizwa sana. Ikiwa 0% kwa muda mrefu, sehemu zake za ndani zinaanza kuharibika, na hilo halina dawa.

Namna nzuri ya kila siku ni kuchaji inapofika karibu 20% ao 30%, na kuchomoa karibu 80% ao 90%. Kwa simu jambo hili ni gumu, kwa kisomaji ni jepesi sana. 80% ya kisomaji bado ni wiki mbili za kusoma. Unahitaji 100% ya nini?

Lakini tuseme ukweli wa kwetu. Huku mtu hachagui saa ya kuchaji, ni moto inayochagua. Kama umesikia kwamba mtaa wenu utakaa siku tatu bila umeme, ao unaenda safari ya Shabunda, jaza 100% na uende. Kujaza si kosa. Kosa ni kujaza 100% kisha kuacha kifaa kabatini miezi miwili. Ukijaza na ukatumia, batri haitakasirika.

Upande wa pili ndio mbaya zaidi kwa kisomaji. Kwa sababu kinadumu wiki nyingi, mtu anakisahau. Kinafika 5%, anakiweka chini ya vitabu, anasema atachaji kesho. Hata kikiwa kimelala, kinaendelea kula kidogo kidogo. Kinafika 0%. Na kisha 0% ya kioo kuna akiba ndogo iliyofichwa, nayo inaisha polepole. Ndani ya batri kuna kipande kidogo cha ulinzi: kikiona nguvu imeshuka kupita kiasi, kinakata njia yote ili batri isiwe hatari. Siku utachomeka chaja, hakuna jibu. Hivyo ndivyo visomaji vingi vinakufa: vinasahauliwa.

Batri tatu, tabia tatu

Mashauri mengi tunayopeana kwa familia yanatoka kwa batri zingine. Ndiyo maana yanapingana.

Batri za zamani za nikeli, zile za radio na simu za miaka ya 1990, zilipashwa kumalizwa kabisa mara kwa mara, juu zilikuwa na kile watu waliita kumbukumbu. Ndiyo chanzo cha neno la wazee: "Acha izime kwanza ndipo uchaji." Kwa lithiamu, shauri hilo linaharibu.

Batri ya gari, ile nzito ya risasi na asidi ambayo nyumba nyingi zinatumia na pano za sola, inataka kinyume: inapenda kukaa imejaa. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku, inakufa mapema. Fundi wa sola atakuambia: "Jaza kila siku, usiache chini." Kwa batri yake ana haki. Kwa kisomaji chako, hapana.

Batri ya lithiamu inataka kula kidogo kidogo, mara nyingi, na kubaki katikati. Dakika 20 za moto leo, dakika 30 kesho, si shida. Kwa inchi ya delestaji, hiyo ni baraka: batri hii inakubali kabisa maisha yetu ya moto kuja na kwenda.

Kuna kingine: "Kifaa kipya kichajiwe masaa 8 ao 12 kwanza." Hilo pia linatoka kwa nikeli. Kisomaji kipya kinafika na nusu ya moto. Kichaji mpaka kiseme kimejaa, anza kusoma.

Muuaji wa tatu: umeme mbaya

Umeme wa Bukavu na Uvira unategemea sana mto Ruzizi: Ruzizi ya 1, iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi ya 2, iliyoanza mwaka 1989 na ambayo inchi tatu zinagawana, Congo, Rwanda na Burundi. Goma wako pia na umeme wa kituo cha Matebe, huko Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015. Watu wameongezeka kupita mitambo. Nguvu inapashwa kuwa volti 220 kwenye prizi, lakini wakati wa jioni kila nyumba inapopika inashuka, na moto inaporudi kisha delestaji inaweza kurudi kwa kishindo.

Anayepigwa kwanza ni chaja. Chaja nzuri inavumilia na, ikishindwa, inakufa yenyewe. Chaja ya bei ya chini kabisa inaweza kuachilia pigo hilo lifike ndani ya kifaa. Kwa hiyo:

Moto ikikatika, chomoa chaja kwenye prizi. Ikirudi, ngoja dakika kumi ione kama inasimama, ndipo uchomeke. Usiache kisomaji kwenye prizi usiku mzima ukingojea moto irudi saa tisa za usiku bila mtu kuangalia. Ni kweli kifaa chenyewe kinaacha kupokea kikijaa, hakipasuki kwa kujaa. Hatari ya usiku ni pigo la umeme, joto, na moto wa kweli ambao unakukuta umelala.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuweka kitu katikati. Chaji kwanza pawabanki ao kompyuta, kisha chaji kisomaji kutoka hapo. Pawabanki inatoa volti 5 zilizotulia, hata kama prizi inacheza. Na kisomaji hakiombi mingi: batri yake mara nyingi haifiki hata nusu ya batri ya simu. Pawabanki ya kweli ya 10,000 mAh inaweza kujaza kisomaji chenye batri ya 1,700 mAh karibu mara tatu, hata ukihesabu moto inayopotea njiani.

Chaja gani?

Angalia maandishi madogo kwenye chaja, fasi ya "output" ao "sortie". Kwa kisomaji, 5V na 1A inatosha. Kama imeandikwa 5V na 2A, pia ni sawa. Watu wanaogopa kwamba ampere nyingi zitasukuma batri kwa nguvu. Hapana. Volti ndizo zinazosukumwa na chaja, ampere zinavutwa na kifaa. Kisomaji kitachukua kiasi chake na kuacha zinazobaki, sawa mtu anayekunywa glasi moja kwenye pipa.

Chaja ya haraka ya simu za kisasa haiui kisomaji, lakini haina faida kubwa kwake. Kuchaji polepole kunaleta joto kidogo, na joto kidogo ni maisha marefu. Hata tundu la USB la kompyuta ao la taa ya sola linafaa.

Waya nao uangaliwe. Waya iliyopondeka ao iliyofunguka shingoni inaleta moto ya kukatika-katika, na inachoma tundu la kifaa. Usilazimishe waya kuingia kwa mgongo. Visomaji vingi vya zamani viko na tundu dogo lenye upande mmoja, na tundu likivunjika ni pane kubwa kuliko batri.

Sola, grupu, na kwenye wanachajisha

Ukitumia sola, kumbuka sheria hii: pano juani, kifaa kivulini. Tunaona watu wanaweka simu ao kisomaji juu ya mabati pembeni ya pano ili waya ifike. Pale juu batri inapokea moto kwa mkono mmoja na inapikwa kwa mkono wa pili. Tafuta waya mrefu, ingiza kifaa ndani ya nyumba.

Usifunge kisomaji moja kwa moja kwenye pano. Pano inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa volti 18 mpaka 20 na zaidi wakati wa jua kali. Kisomaji kinataka 5. Pita kwenye regilateri yenye tundu la USB, ao kwenye taa ya sola yenye tundu hilo.

Grupu ndogo za petroli zinabadilisha nguvu kila mara, zaidi zinapowashwa, zinapozimwa na mafuta yanapoisha. Chomeka kisha grupu kutulia, chomoa mbele haijazimwa.

Kwenye vibanda vya kuchajisha, vifaa vingi vinapangwa juu ya meza moja, kimoja juu ya kingine. Peleka chaja yako na waya yako. Omba mwenye kibanda aweke kisomaji pembeni, si chini ya simu kumi zenye joto, kwa sababu kioo chake pia ni laini na kinapasuka kwa uzito. Mwambie akichomoe kikifika 80% ao 90%. Kama hawezi kuangalia, kubaliana naye masaa mawili, kisha rudi.

Kula moto kidogo

Batri inayochajiwa mara chache inazeeka polepole. Zima intaneti ya Wi-Fi kama hupakui kitabu, ao weka kifaa katika hali ya ndege. Hilo ndilo linaokoa moto kuliko yote. Punguza taa ya kioo, na mchana izime kabisa: kioo hiki kinasomeka vizuri zaidi penye mwangaza. Kama unajua hutasoma kwa siku kadhaa, zima kabisa badala ya kukiacha kimelala.

Usishangae kama siku ya kwanza kisha kuingiza vitabu 200 batri imeshuka haraka. Kisomaji kinapanga orodha ya maneno ya kila kitabu ili uweze kutafuta. Kazi hiyo ikiisha, kinatulia. Ni vizuri kuingiza vitabu kidogo kidogo, ao kuviingiza kikiwa kwenye chaja.

Likizo kubwa: neno kwa mashule na maktaba

Hapa ndipo visomaji vingi vinapotea. Mwezi wa saba shule inafunga, mwalimu anakusanya visomaji 20, anavifunga kwenye malle ya chuma, anaondoka. Vingine vilikuwa 100%, vingine 3%. Malle iko chini ya mabati. Mwezi wa tisa, vile vya 3% haviwaki tena, na vile vya 100% vimezeeka bila kutumiwa.

Fanya hivi. Mbele ya kufunga, leta kila kimoja kati ya 40% na 60%. Zima Wi-Fi, kisha zima kifaa kabisa. Panga fasi yenye baridi na pakavu, chini, ukutani upande usiopigwa na jua. Chagua mtu mmoja mwenye ufunguo, aje mara moja kwa mwezi kuangalia. Kinachoshuka chini ya 20% akirudishe kwenye nusu. Andika kwenye daftari namba ya kila kisomaji, tarehe na asilimia. Daftari hilo litaonyesha pia ni kipi kinashuka haraka kuliko wenzake. Hicho ndicho kinaanza kugonjwa.

Familia iliyokimbia ao inayohama nayo ifanye vile vile, kama hali inaruhusu: nusu ya moto, kifaa kimezimwa, ndani ya kitambaa na mfuko wa plastiki juu ya mvua.

Kikikataa kuwaka

Usikimbie kwa fundi siku hiyo hiyo. Kisomaji kilichoshuka sana kinaweza kukaa muda bila kuonyesha kitu hata kikiwa kwenye chaja. Kiunganishe na chaja nzuri na waya nzuri, ngoja angalau saa moja. Kisha finya kitufe cha kuwasha sekunde 40 bila kuachilia, uachilie, ungoje. Jaribu waya ingine na chaja ingine. Acha usiku wa umeme uliotulia, ama siku nzima kwenye pawabanki.

Kama bado kimya, ndipo fundi. Mwambie asiamshe batri kwa kuigusisha waya za batri ingine. Batri ya lithiamu iliyokaa tupu miezi mingi inaweza kuwa imeharibika ndani, na kuilazimisha ni kucheza na moto.

Batri ikivimba

Mgongo wa kisomaji ukiinuka, kioo kikianza kutengana na mzunguko wake, ao ukisikia harufu tamu ya dawa, batri imevimba. Hapo hakuna kujadili. Acha kuchaji. Usifinye, usitoboe, usirudishe kwa kukalia. Kitoe ndani ya nyumba, kiweke juu ya mchanga ao ndani ya sufuria ya chuma, mbali na watoto na vitu vinavyowaka.

Kikishika moto, kata umeme kwanza, toa watu nje kwa sababu moshi wake ni sumu, na kama kiko fasi unayoweza kufikia, mimina maji mengi ili kupoza ao funika na mchanga.

Batri iliyokufa isitupwe kwenye moto wa takataka, kwenye choo ao ziwani. Funga ncha zake na tepu, iweke pembeni, uulize fundi anayekusanya vipande. Usimpe mtoto aifungue aone.

Kwa kifupi, ya kubandika ukutani

1. Chaji ikifika 20% ao 30%, chomoa karibu 80% ao 90%.
2. Kujaza 100% ni kwa safari ao kwa delestaji ndefu, si kwa kabati.
3. Usiache ifike 0%. Ikifika, chaji siku hiyo hiyo.
4. Pano juani, kifaa kivulini.
5. Moto ikirudi, ngoja dakika kumi.
6. Chaja ya 5V, 1A ao 2A, na waya nzima.
7. Zima Wi-Fi, punguza taa.
8. Kwa likizo: nusu ya moto, kifaa kimezimwa, fasi ya baridi, kuangaliwa kila mwezi.
9. Ikivimba, acha kuchaji na kitoe nje.

Namba 1 mpaka 5 zinafaa pia kwa simu na tableti yako, kwa sababu batri ni za jamaa moja. Tofauti ni kwamba simu itakukumbusha kila jioni. Kisomaji hakisemi. Kama kiko chini ya rundo la vitabu kwako, kitoe leo, angalia asilimia, na kama ni chini ya 20, kipe moto mbele umeme haujaenda.